Mzigo Mkubwa, Kauli Ndogo

 Popote ulipo, kama uko jikoni unakuna nazi, kama uko kwenye daladala umebanwa na abiria wenzako, kama uko dukani unasubiri mteja wa kwanza, nakuomba unipe sikio kwa muda mfupi. Leo tuzungumze kuhusu wasiwasi. Sina maana ya ule wasiwasi wa siku moja, wa mtoto kuchelewa kutoka shule au wa kusubiri matokeo ya mtihani. Huo kila mtu anao na unakwisha wenyewe. Nazungumzia ule unaohamia ndani ya mtu, ukaweka makazi. Na nataka tuutazame kwa wanawake, kwa sababu kuna ubishi ninaousikia saluni, kwenye vikao vya harusi, hata msibani: nani ana mawazo zaidi, mama wa nyumbani au mwanamke mwenye ajira?

Ubishi wenyewe unaujua. Mwenye ajira anasema, "Wewe unashinda nyumbani, huna bosi, huna foleni, wasiwasi wa nini?" Wa nyumbani anajibu, "Wewe mwisho wa mwezi simu inalia, mshahara umeingia. Mimi hata hela ya pedi naomba." Na huku mitaani kwetu Tanzania wapo waliompachika mama wa nyumbani jina la golikipa, eti yeye kazi yake ni kukaa golini na kudaka anacholetewa. Jina hilo linawachekesha vijana. Nimewaona wanawake wakiitwa hivyo mbele za watu, wakacheka pamoja na wenzao kwa sababu hawakuwa na la kufanya, kisha wakanyamaza sehemu yote ya mazungumzo iliyobaki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Wasiwasi, kwa asili yake, una faida. Mlango ukigongwa usiku wa manane, moyo ukaenda mbio na usingizi ukakatika, huo ni mwili unakuandaa kujilinda. Shida inaanza pale ambapo hakuna anayegonga mlango na moyo unakwenda mbio vilevile, jana, leo, kesho, wiki hadi wiki. Mtu analala hoi kwa uchovu, lakini saa nane za usiku macho yako kodo, anapiga hesabu za ada. Shingo imekaza, tumbo linasokota, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho. Hasira nazo zinakuwa karibu: mtoto anamwaga chai kidogo, anapigwa kofi zito, na anayepiga mwenyewe anashangaa limetoka wapi. Akili haipumziki. Inatoka kwenye ada inakwenda kwenye kodi ya nyumba, inatoka kwenye kodi inakwenda kwenye kikohozi cha mtoto, inarudi kwenye ada.

Na wengi wenye hali hii hawaendi hospitali kusema, "Daktari, nina wasiwasi." Wanakwenda kusema wana presha, au vidonda vya tumbo, au kichwa kisichopona. Wanapimwa, majibu yanatoka mazuri, wanapewa dawa za maumivu, wanarudi nyumbani, na baada ya mwezi wako tena kwenye benchi la kusubiri. Maumivu yao ni ya kweli kabisa. Nyumbani wengine wanaambiwa wamerogwa, wengine wanaambiwa wanadeka. Nani atarudi kueleza tena akishaambiwa anadeka?

Sitaki kukuchosha kwa takwimu, msikilizaji, ila moja au mbili ni muhimu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa wasiwasi, na kwamba wanawake wanaoupata ni wengi kuliko wanaume. Katika magonjwa yote ya akili, huu ndio unaoongoza kwa idadi ya watu. Na shirika hilohilo linasema wanaopata tiba hawazidi sana mmoja katika kila wanne. Kwa hiyo kama unayo hali hii, huko peke yako, na hukuianzisha wewe.

Haya, turudi kwenye ubishi wetu: wa nyumbani au wa kazini? Watafiti wamejaribu kuujibu, katika nchi za Asia, Ulaya na Marekani. Wapo waliokuta mama wa nyumbani ndio wenye wasiwasi zaidi. Wapo waliokuta walioajiriwa ndio wanaoumia zaidi. Na wapo ambao hawakuona tofauti ya maana. Mtu anaweza kusikia hivyo akasema hawa wasomi hawajui wanachotafuta. Mimi naona wametusaidia sana, kwa sababu wametuonyesha kwamba tumeuliza swali bovu. Mahali anaposhinda mwanamke mchana hapatuambii mengi. Linalotuambia mengi ni hili: mzigo alioubeba una ukubwa gani, na ana kauli kiasi gani juu ya mzigo huo? Mzigo na kauli. Naomba uyashike maneno hayo mawili, maana nitayarudia.

Tuanze na mama wa nyumbani. Tuseme yupo mama mmoja Mbagala, ana watoto watatu, mumewe ni fundi au karani, vyovyote iwavyo. Saa kumi na mbili asubuhi mume anatoka, anaacha shilingi elfu kumi mezani, anaibana kwa rimoti ya televisheni. Hiyo ndiyo siku nzima. Humo mna unga, mboga, mafuta ya kupimiwa, mkaa, ndoo za maji kama bomba halitoki, nauli ya watoto wawili wa shule, na daftari lililokwisha jana. Saa nne asubuhi hela imekwisha. Saa tano Luku, mita ya umeme, inaanza kulia.

Sasa mtazame huyu mama na simu yake. Anaandika ujumbe: "Baba Asha, umeme unakwisha." Anaufuta. Anaona umekuwa wa kuamuru. Anaandika tena: "Samahani baba, najua uko kazini, Luku inalia." Anaufuta, anaona atasema kila siku ni pesa tu. Anaandika wa tatu, anaweka salamu mbele, anauliza kazi zinaendaje, halafu mwishoni anagusia umeme kama jambo dogo. Anautuma. Tiki mbili zinageuka bluu. Mume ameusoma, hajajibu. Kuanzia hapo hadi saa kumi jioni mama huyu anakunja nguo, anachambua mchele, anamwogesha mtoto, na muda wote huo anautafsiri ule ukimya. Amekasirika? Hana hela? Yuko na nani? Nikimwuliza atasema nini? Pengine mume alikuwa juu ya paa anapiga misumari, akasoma, akasahau, basi. Lakini kwa mama yule saa tano nzima moyo ulikuwa unakwenda mbio, na jioni mume akirudi anamkuta amechoka, anauliza, "Umefanya nini leo?"

Je, mzigo wake ni mdogo? Watoto wakilala njaa, wa kulaumiwa ni yeye. Mtoto akiugua, ni yeye. Mama mkwe akifika bila taarifa akakuta hakuna sukari, ni yeye. Mzigo wote wa nyumba uko kichwani pake. Na kauli? Hawezi kuamua hata umeme wa shilingi elfu mbili. Jukumu ni lake, uamuzi ni wa mwingine.

Tumhamie sasa mwenzake. Tuseme yuko Kimara, ana ajira katika ofisi moja mjini. Anaamka saa kumi alfajiri, kwa sababu basi la mwendokasi la saa kumi na mbili ni vita. Mtoto wake wa mwisho ana miezi minne. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hiyo ni sheria. Lakini kutoka mjini hadi Kimara na kurudi kwa saa mbili, na kunyonyesha humohumo, nani anaweza? Basi anakamua maziwa stoo, kati ya mafaili na ndoo za kudekia, huku ameegemea mlango kwa mgongo kwa sababu kitasa hakifungi. Maziwa mengine anayamwaga, hakuna friji. Saa saba mchana yuko kikaoni, simu inatetemeka mfukoni. Ni dada wa kazi. Hawezi kupokea. Inatetemeka tena. Kikao kinaendelea, anaitikia kwa kichwa, na hakuna neno hata moja analolisikia. Anajua ni mambo mawili tu yanaweza kumfanya dada apige mara mbili: mtoto amechemka, au dada mwenyewe anataka kuondoka.

Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, na unakwisha Desemba. Kwa hiyo kila ruhusa anayoomba anaiwekea hesabu: nikiomba tena watasema nina matatizo mengi. Jioni anarudi, anakuta sare za shule hazijapigwa pasi. Mume naye amerudi kazini, amekaa, amechoka, anaulizia chakula. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliandika mwaka 1989 kitabu kizima kuhusu jambo hili, akaliita zamu ya pili: mwanamke anatoka zamu ya kazini anaingia zamu ya nyumbani. Na Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba robo tatu ya saa zote zinazotumika duniani kupika, kufua, kulea na kuuguza bila malipo zinatoka kwa wanawake.

Mtu atasema, lakini huyu wa pili ana mshahara wake. Anao, ndiyo. Wapo wenye mshahara ambao kadi ya benki inakaa kwa mume. Wapo ambao mshahara unafika umeshakatwa mkopo, kinachobaki kinagawanywa kwa wazazi, wadogo zake na michango ya harusi, na yeye ndiye wa mwisho kujikumbuka. Mshahara unaleta kauli pale tu ambapo mwenye mshahara anaruhusiwa kuutumia kwa akili yake. Mzigo na kauli, msikilizaji. Tunarudi palepale.

Na kuna wa tatu ambaye katika ubishi huu hakuna anayemtaja. Ni yule dada wa kazi aliyepiga simu. Yeye tumweke wapi? Ameajiriwa, kwa hiyo ni mwanamke wa kazini. Anashinda nyumbani, kwa hiyo ni wa nyumbani. Ni binti ametoka Iringa au Singida, anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, mtoto akianguka ni kosa lake, sahani ikivunjika inakatwa kwenye mshahara, na simu yake wakati mwingine inafungiwa kabatini. Hana mlango wa kujifungia akalia. Tunapopima wasiwasi wa wanawake wa nchi hii, tunampita palepale mlangoni, na mimi naona ndiye aliyebeba zaidi kwa kauli ndogo kuliko wote wawili.

Haya ya mzigo na kauli sikuyaokota njiani. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alichapisha uchunguzi uliotokana na wafanyakazi wa Marekani na Sweden. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wanafanya kazi nyingi sawasawa, mmoja anachoka akalala usingizi mzuri, mwingine anaumia kiakili. Akakuta kwamba wingi wa kazi peke yake hautoshi kueleza. Hatari kubwa iko pale kazi inapokuwa nyingi na uhuru wa kuamua unapokuwa mdogo. Yeye alizungumzia viwanda na ofisi. Lakini hebu uingize jambo hilo jikoni, uniambie kama halikai.

Tena kuna jambo la hiari. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Hock na Debra DeMeis, walichunguza kina mama wenye watoto wachanga. Waliokutwa na dalili nyingi zaidi za sonona walikuwa wale waliotaka kwenda kazini lakini wakabaki nyumbani. Waliobaki nyumbani kwa kupenda hawakuwa hivyo. Nyumba ni ileile, nepi ni zilezile, tofauti ni kama ulichagua. Na hapa kwetu wako wengi: binti amesoma hadi chuo kikuu, ameolewa, amejifungua, dada wa kazi hapatikani, mume anasema "kaa kwanza". Hiyo "kwanza" inafika mwaka wa sita. Kila harusi anayokwenda anaulizwa, "Siku hizi uko wapi?" Na anajua hawamaanishi mtaa.

Simsemi vibaya mama aliyechagua nyumba yake. Namheshimu sana. Wapo wanawake waliosema kwa moyo wao, nataka kulea wanangu mwenyewe, na mume akasema sawa, hii hela ni ya nyumba na hii ni yako, usiniulize wala sitakuuliza. Huyo ukimkuta, uso wake umetulia kuliko wa meneja. Ana mzigo, na kauli anayo.

Kuna woga mmoja, wasikilizaji, ambao mama wa nyumbani hausemi hadharani, na nadhani ndio unaomwamsha saa nane za usiku kuliko ada na kodi. Ni huu: siku nikiachwa, nitakwenda wapi? Miaka kumi na tano nimepika, nimefua, nimezaa, nyumba imejengwa, hati ina jina lake. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu woga huu una dawa, na dawa yake ya kwanza ni kujua.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Ndoa ilikuwa imevunjika, naye akadai sehemu ya mali. Swali lililokuwa mbele ya majaji ni hili: mwanamke ambaye hakuleta hata senti, kazi zake za kupika, kufua na kutunza nyumba zinahesabika kuwa mchango katika kupata mali ya familia? Mahakama ikasema ndiyo, zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu katika shauri lile, kwa sababu mahakama iliona fedha aliyopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia aliitapanya. Lakini mlango aliougonga umewafungulia wanawake wengi waliokuja nyuma yake. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba wanamoishi wanandoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ndugu zetu wa Kenya nao wana sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inayotaja kazi za nyumbani na malezi kuwa mchango, ingawa Mahakama ya Upeo ilifafanua mwaka 2023 kwamba hiyo haina maana ya kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja anaonyesha alichochangia. Mama, kajue haki yako kabla hujaihitaji. Waone wasaidizi wa kisheria katika wilaya yako, ukaulize. Kuuliza si kutaka talaka.

Wengine wametafuta kauli kwa njia nyingine, kwa mkopo. Na hapa wanawake wetu wa aina zote wanakutana: mama wa nyumbani, mwalimu, muuguzi, mama ntilie. Mama anasema, nichukue laki tatu niuze vitenge, niache kuomba. Nia ni njema kabisa. Lakini anaangukia mikopo ambayo watu wenyewe wameibatiza kausha damu. Marejesho kila wiki, pengine kila siku. Vitenge vinakopwa na majirani, hawalipi. Ikifika siku ya marejesho anakopa kwingine alipe kule. Mume hajui. Kila pikipiki inayosimama nje anadhani ni wao. Wakija kweli wanabeba televisheni na jiko la gesi, na wanakikundi wenzake, waliomdhamini, wanasimama mlangoni wanasema maneno ambayo mtaa mzima unasikia. Mwalimu naye yuko darasani anafundisha, kadi yake ya benki iko kwa mkopeshaji. Niambie kama mtu wa namna hiyo atapata usingizi. Dada zangu, kikoba cha watu mnaojuana, chenye katiba na riba mnayoijua, kina faida kubwa, na mchezo wa kupeana umewasomesha watoto wengi. Lakini mkopo unaouficha nyumbani, na usioweza kuieleza riba yake kwa sentensi moja, usiuchukue. Na kama umeshauchukua, mweleze mtu mmoja leo.

Hilo la kumweleza mtu si dogo. Mwaka 1978 watafiti George Brown na Tirril Harris walitoa kitabu kuhusu wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, na sonona. Walitaka kujua kwa nini wanawake wawili wanapatwa na msiba au balaa lilelile, mmoja anaugua, mwingine hasimami vizuri lakini hasambaratiki. Yapo mambo kadhaa waliyoyakuta yakiongeza hatari: kuwa na watoto wadogo watatu au zaidi nyumbani, kukosa kazi ya nje, kufiwa na mama ukiwa mtoto mdogo. Na la nne, lenye nguvu sana, ni kukosa mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni. Mtu mmoja. Hawakusema kumi.

Zamani, kina mama walikuwa na kisimani, walikuwa na kusukana nywele barazani, walikuwa na kutwanga pamoja. Leo mama amejifungia kwenye nyumba ya kupanga yenye geti, jirani anamjua kwa hodi ya kuomba chumvi. Mwenzake wa ofisini amezungukwa na watu thelathini na hawezi kumwambia hata mmoja, maana kesho itakuwa habari ya chai ya saa nne.

Ndiyo maana nawapenda bibi wa Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Mama wa binti alipoulizwa kwa nini hawakumrudisha hospitali, alisema hawakuwa na nauli ya basi. Chibanda akaona hospitali peke yake haitoshi, tiba inapaswa iende kwa watu. Mwaka 2006, katika eneo la Mbare mjini Harare, akaanza kuwafundisha bibi, wanawake watu wazima wanaoheshimika mtaani, namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Wanakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti. Likaitwa Benchi la Urafiki. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika kliniki 24 za Harare yalichapishwa: waliokaa na bibi, wengi wao wanawake, walikuwa na nafuu kubwa baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida, wasiwasi ukiwamo. Mpango huo umeshafika hadi Zanzibar.

Bibi hawampi mtu mahubiri. Wanasema, nitajie yote yanayokusumbua. Anayataja, saba, nane. Kisha wanamwuliza, katika hayo, lipi tuanze nalo? Anachagua moja. Wanamwuliza, juu ya hili moja, kesho unaweza kufanya nini? Anaondoka na jambo moja la kufanya. Umeona kinachotokea? Anarudishiwa kauli, japo juu ya kitu kimoja.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa watu watatu.

Baba, mume, kaka yangu unayenisikiliza: jioni ya leo kaeni wawili, hesabuni mnachopata na mnachotumia. Tenga hela ya mkeo, hata kama ni kidogo, ambayo hutaiuliza. Na akikutumia ujumbe, mjibu. "Sina sasa, nitaona jioni" ni jibu. Kama wote wawili mnafanya kazi, pasi ya sare na kumwogesha mtoto ni kazi yako pia.

Mwajiri: stoo isiyofungika si mahali pa kumkamulia mtoto maziwa. Chumba kidogo chenye kitasa na friji hakitakufilisi. Na wewe mwenye dada wa kazi nyumbani, wewe pia ni mwajiri. Mpe siku yake ya kupumzika, mwachie simu yake, apige nyumbani kwao azungumze na mama yake.

Na wewe mama, wewe dada, ambaye wakati ninaongea umejiona. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na wasiwasi usioweza kuuzuia, usingizi umekukimbia, moyo unakwenda mbio bila sababu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukifika, usiishie kusema kichwa kinauma. Sema hivi: "Nina wasiwasi usiokwisha, silali, na umeanza tangu wakati fulani." Wakikusikiliza nusunusu, omba kuelekezwa kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya wilaya au ya mkoa. Ipo tiba ya mazungumzo, na zipo dawa, ambazo anakuandikia daktari. Usiende duka la dawa kununua vidonge vya usingizi mwenyewe, vile vya diazepam, kwa sababu mwili unavizoea haraka na kuviacha ni kazi ngumu. Kusali sali, kwa sheikh au kwa mchungaji nenda, na kliniki nenda vilevile. Na ukifikia mahali unawaza kuyakatisha maisha yako, usisubiri asubuhi: mwamshe mtu, mwambie, akupeleke hospitali usiku huohuo.